Zabuni Hutengwa kwa Wawili: Wanajeshi wa Zamani Wenye Ulemavu na Mikataba ya Serikali ya Marekani

Miongoni mwetu tuliotoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo tukaja kuishi Marekani, wapo wengi waliovaa sare za jeshi la nchi hii. Wengine waliingia wakiwa tayari na ukaazi wa kudumu, na wengine waliingia kupitia mpango wa MAVNI, ambao kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 uliwaandikisha wageni waliojua lugha zilizohitajiwa na jeshi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Tulipotoka, baadhi yetu tulitoka na magoti yasiyokunjika sawasawa, migongo isiyostahimili kusimama, masikio yanayovuma usiku kucha, au majeraha ya nafsi ambayo hakuna anayeyaona. Kisha tukafungua kampuni ndogo: za usafi wa majengo, za malori, za kutunza bustani, za ukalimani. Swali ninaloulizwa na wenzangu kuliko mengine yote ni hili: nimeshapata cheti cha serikali cha biashara ya mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu, mbona simu hailii?

Jibu langu ni kwamba cheti hakijawahi kumpa mtu kazi. Mkataba wa serikali hutengenezwa miezi mingi kabla zabuni haijatangazwa, na katika miezi hiyo linaamuliwa jambo moja kubwa, yaani ni nani ataruhusiwa kushindana. Anayesubiri tangazo la zabuni huwa amefika wakati jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Zaidi ya hayo, kwa kawaida uamuzi huo hauwezi kutuelekea sisi kama aliyejitokeza ni mmoja tu. Ili zabuni itengwe kwa ajili yetu, sheria inataka tuwe angalau wawili.

Inafaa kueleza sheria hiyo ilikotoka. Mwaka 1999 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoweka lengo kwamba asilimia 3 ya thamani ya mikataba ya serikali kuu iende kwa biashara ndogo zinazomilikiwa na wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu kutokana na utumishi wao. Lengo lilikuwa zuri, ila halikuwa na nyenzo, kwa sababu maofisa manunuzi hawakuwa na ruhusa ya kututengea zabuni. Ruhusa hiyo ilikuja kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo iliwawezesha kutenga zabuni kwa ajili ya kampuni za aina yetu peke yake, na katika mazingira maalumu kumpa kazi mmoja wetu bila ushindani. Hata hivyo, serikali ililifikia lile lengo la asilimia 3 kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Baadaye mambo yalibadilika kwa kasi: katika mwaka wa fedha wa 2023 kampuni hizi zilipata mikataba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 30, na sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha wa 2024 ikapandisha lengo lenyewe hadi asilimia 5. Fedha zipo, na nia ya kisheria ipo. Lakini lengo hili ni la serikali nzima kwa jumla yake, na hakuna ofisa hata mmoja anayeamka asubuhi akiwa na deni la kukupa kazi wewe.

Kinachomfunga ofisa huyo ni kanuni ambayo wenye kazi hii huiita kanuni ya wawili. Inasema kwamba zabuni inaweza kutengwa kwa ajili yetu ikiwa ofisa ana sababu ya msingi ya kutarajia kwamba angalau kampuni mbili zenye hadhi hii zitaleta maombi, na kwamba kazi itatolewa kwa bei ya haki. Katika idara nyingi kanuni hii inampa ofisa hiari, kwa kuwa anaweza pia kuitenga zabuni kwa ajili ya biashara za wanawake, za maeneo yenye uchumi duni, au za makundi mengine yanayolindwa na sheria. Katika idara inayowahudumia wanajeshi wa zamani, yaani VA, hakuna hiari. Kampuni moja ya Maryland, Kingdomware Technologies, ilipeleka suala hilo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Juni 2016 majaji wote 8 waliamua kwa kauli moja kwamba VA ni lazima itumie kanuni ya wawili hata pale ilipokwisha kufikia malengo yake ya mwaka, na hata inaponunua kupitia orodha za wauzaji walioidhinishwa mapema. Kwa maoni yangu hukumu hiyo imetusaidia kuliko cheti chochote, na inasikitisha kwamba wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Sasa ofisa atajuaje kwamba wawili wapo? Hapa ndipo pa kukaa na kusoma polepole. Kabla ya kutangaza zabuni, ofisa anatakiwa kulichunguza soko. Atatazama katika orodha ya SBA, shirika la serikali linalosimamia biashara ndogo, aone ni kampuni zipi zenye cheti zinafanya kazi anayoihitaji katika eneo lake. Atauliza wenzake. Na mara nyingi ataweka kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya matangazo ya zabuni, tangazo lenye kichwa cha Sources Sought, yaani wanatafutwa wenye uwezo, ambalo halitoi kazi wala fedha: linauliza tu ni nani anaweza kuifanya kazi hii. Watu wengi hulipita tangazo hilo. Wanaona hakuna mahali pa kuandika bei, hakuna ahadi, na limeandikwa wazi kwamba serikali haitalipa gharama za kujibu. Wanafunga ukurasa na kwenda kutafuta zabuni za kweli, kumbe zabuni ya kweli ndiyo hiyo, ikiwa bado changa.

Nitoe mfano kwa kazi ninayoifanya, ya usafi. Tangazo la namna hii huwa na kurasa chache. Linaeleza jengo: ofisi ya ghorofa mbili, eneo la sakafu kwa futi za mraba, vyoo vingapi, zulia kiasi gani, sakafu ngumu inayohitaji kupakwa nta mara mbili kwa mwaka, madirisha ya nje mara moja. Linataja namba ya fani katika mfumo wa NAICS, ambayo kwa usafi wa majengo ni 561720, na kiwango cha mapato ambacho kampuni isikipite ili ihesabike kuwa ndogo, ambacho kwa fani hiyo ni dola milioni 22 kwa mwaka. Kisha linauliza maswali: hadhi ya kampuni yako ni ipi, umewahi kufanya kazi ya ukubwa huu, una wafanyakazi wangapi, utaweza kuanza lini, na je, maelezo ya kazi yana jambo lolote lisiloeleweka.

Majibu yanayosaidia ni mafupi na yanafuata mpangilio wa maswali yenyewe. Ofisa hahitaji kusoma kwamba kampuni yako ina uadilifu na moyo wa kujituma. Anahitaji kuandika katika faili lake sentensi moja tu, kwamba kampuni fulani yenye cheti ina uwezo, naye anahitaji ushahidi wa kuiandika. Kwa hiyo mpe ushahidi: jengo la ukubwa gani ulilisafisha, kwa nani, kwa muda gani, kwa wafanyakazi wangapi, na nani wa kupigiwa simu athibitishe. Kama kazi zako zote zilikuwa za watu binafsi, ziandike hizo hizo, kwa sababu zulia la zahanati ya mtu binafsi husafishwa kwa mashine ile ile inayosafisha zulia la serikali. Na lile swali la mwisho kuhusu yasiyoeleweka usiliache wazi. Ukieleza kwa adabu kwamba sharti la miaka mitano ya uzoefu ndani ya majengo ya serikali litazifungia nje kampuni ndogo bila kuongeza ubora wa kazi, ofisa mwenye busara hulifikiria, kwa sababu maelezo bado ni rasimu. Zabuni ikishatangazwa, rasimu imekuwa sheria.

Nalisema linalofuata kwa uchungu, kwa kuwa nimeliona katika jumuiya yetu hapa jimbo la Washington, na nimesimuliwa hivyo hivyo na ndugu wa Texas na Minnesota. Tunafichana. Mtu akiliona tangazo, hulikalia kimya ili mwenzake asilione. Tabia hiyo labda ina maana sokoni, ambako mnunuzi ni mmoja na fungu la nyanya ni moja, lakini katika kanuni ya wawili inamwangusha yule yule anayeficha. Akijibu peke yake, ofisa anahesabu mmoja. Mmoja hatoshi. Zabuni inakwenda kwa biashara ndogo zote, au kwa kila mtu, na yule aliyejificha anajikuta anashindana na kampuni zenye magari mia na mawakili. Kama angempigia simu mshindani wake wa mtaa wa pili, wangebaki wawili au watatu ndani ya chumba kidogo, kila mmoja na nafasi ya kweli. Mimi sasa nikiliona tangazo linalohusu eneo letu huwatumia wote ninaowajua wenye cheti, pamoja na wale wanaonishinda kwa bei.

Kuhusu cheti chenyewe sitakaa sana, kwa sababu utaratibu wake umeandikwa mahali pengi. Tangu Januari 2023 kinatolewa na SBA, baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka VA, na siku za kujitangaza mwenyewe bila kuhakikiwa zimekwisha. Inatakiwa angalau asilimia 51 ya kampuni imilikiwe moja kwa moja na mwanajeshi wa zamani mwenye barua ya ulemavu uliotokana na utumishi, na barua hiyo inakubalika hata kama kiwango kilichoandikwa ni asilimia 0, jambo ambalo huwashangaza wengi waliodhani hawastahili. Kabla ya hapo unajisajili SAM.gov, ambako kampuni hupewa namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, na usajili huo huhuishwa kila mwaka. Usajili ni bure. Narudia kwamba ni bure, kwa sababu siku chache baada ya kujisajili utaanza kupokea barua pepe na simu kutoka kwa kampuni binafsi zinazojifanya ofisi ya serikali, zikidai mamia ya dola ili usajili wako usifutwe. Usizilipe. Msaada wa kweli unatolewa bila malipo na vituo vya APEX Accelerators, ambavyo zamani viliitwa PTAC, na vilevile na vituo vya SBA vya kuwahudumia wanajeshi wa zamani wanaoanzisha biashara.

Ila kuna jambo moja la cheti ambalo siwezi kulipita. Sheria haitazami hisa tu, inatazama nani anaongoza. Mwanajeshi wa zamani ndiye lazima ashike cheo cha juu kabisa na kufanya maamuzi ya kila siku na ya muda mrefu. Wapo watu wenye mitaji wanaowaendea ndugu zetu wenye barua za VA na kuwaambia wakopeshe jina tu, watapata asilimia yao kila mwezi wakiwa wamekaa nyumbani. Huo ni ulaghai dhidi ya serikali, na watu wamefungwa kwa ajili yake, mwenye mtaji pamoja na mwenye jina. Goti lako uliliumiza kihalali. Usimpe mtu alitumie kwa wizi.

Tukirudi kwenye kutafuta kazi, njia nyingine ya kuwahi ni kuangalia mikataba inayokaribia kuisha. Mikataba mingi ya huduma ni ya mwaka mmoja wa msingi na nafasi ya kuongezwa mwaka mmoja mmoja hadi minne, hivyo jengo lililopata msafishaji mwaka huu huenda likahitaji zabuni mpya baada ya miaka mitano. Habari hizi hazifichwi. Tovuti ya USAspending.gov inaonyesha nani alipewa mkataba gani, na ofisi ipi, kwa kiasi gani, na utaisha lini. Jioni moja ya kukaa nayo kwa utulivu, ukichagua fani yako na kaunti yako, itakupa orodha ya majengo, bei zilizolipwa, na tarehe. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tarehe hiyo ndipo unapomwandikia mtaalamu wa biashara ndogo wa idara husika, kwani kila idara kubwa ina ofisi ya kazi hiyo, ukaomba nafasi ya kujitambulisha. Orodha hiyo pia itakuokoa na kazi zisizokuhusu. Katika fani ya usafi, majengo mengi yapo chini ya mpango wa AbilityOne, unaotoa kazi kwa mashirika yasiyo ya faida yanayoajiri vipofu na watu wenye ulemavu mkubwa, na kazi iliyokwisha kuingizwa katika orodha ya mpango huo kwa kawaida haitangazwi. Ni mpango wenye heshima yake, na ni vizuri kuujua mapema kuliko kulizungukia jengo ambalo halitafunguliwa.

Wale wa ukalimani na tafsiri nawahimiza watazame fani ya 541930. Wakongomani wengi wamehamishiwa Marekani kama wakimbizi katika miaka ya karibuni, na ofisi za serikali zinazowahudumia zinahitaji Kiswahili. Kazi hizo nyingi ni ndogo, na zinazobaki chini ya kiwango cha manunuzi madogo hulipwa kwa kadi ya serikali bila zabuni. Hapo anayekujua ndiye anayekupigia. Na msisahau majimbo: New York ina lengo la asilimia 6 kwa biashara zetu, na California ina lake la asilimia 3, kila moja kwa cheti chake.

Sehemu inayovunja kampuni changa ni bei. Mikataba ya huduma inaongozwa na sheria ya mwaka 1965 inayomlazimu mwajiri kuwalipa wafanyakazi si chini ya kiwango kilichopangwa kwa kaunti husika, na kiwango hicho huambatishwa kwenye zabuni kama jedwali. Ndani ya jedwali kuna mshahara wa saa wa msafishaji, na kando yake kuna kiasi cha afya na ustawi, ambacho siku hizi kinazidi dola 5 kwa kila saa, pamoja na likizo na sikukuu zenye malipo. Mtu akikokotoa bei yake kwa mshahara tu, akasahau kile kiasi cha pembeni, anaweza kushinda zabuni kwa furaha na kuilipia kwa akiba ya watoto. Ndiyo maana siku ya kulitembelea jengo naichukulia kwa uzito mkubwa. Naenda na kipimo cha leza na daftari. Nahesabu masinki na vyoo mwenyewe, nagusa zulia la korido kuona limechakaa kiasi gani, naangalia kama chumba cha vifaa kina bomba la maji au msafishaji atabeba ndoo kutoka mwisho wa jengo, na kama kuna lifti. Kwa mtu mwenye goti kama langu, ngazi nazijua kwa mwili, najua zinaongeza dakika ngapi kwa kila mzunguko. Dakika hizo zikizidishwa kwa siku za mwaka ndizo faida au hasara.

Malipo nayo yanataka subira yenye mtaji. Kwa sheria ya malipo ya wakati, serikali ina siku 30 baada ya kupokea ankara sahihi, na ikichelewa inadaiwa riba. Wafanyakazi wako watalipwa kila baada ya wiki mbili. Ukiwa na ankara yenye namba moja iliyokosewa, siku 30 zinaanza upya utakapoileta tena ikiwa imesahihishwa. Kabla ya kuomba kazi yoyote, hakikisha una fedha au mkopo wa kuwalipa watu kwa miezi miwili mizima. Na ukikosa zabuni, andika kuomba maelezo ya kwa nini ulikosa. Katika zabuni kubwa za majadiliano, ambazo ofisi inaweza kujadiliana na waombaji kabla ya kuchagua, una siku 3 tu za kuomba tangu upewe taarifa, na maelezo hayo ni elimu ambayo washindani wako wanaionea uvivu.

Nimalizie kwa lile nililolishuhudia mwenyewe. Ofisi moja ya serikali katika kaunti ya Pierce iliweka tangazo la kuulizia wenye uwezo wa kusafisha jengo lake. Nilijibu, nikamtumia pia mwenzangu mmoja mzaliwa wa Goma, aliyetumikia jeshi la nchi kavu na mwenye cheti kama changu. Naye akajibu. Zabuni ilipotangazwa ilikuwa imetengwa kwa kampuni zetu, na mwenzangu akaishinda kwa sababu bei yake ilikuwa bora. Jengo hilo lina mazulia mengi na sakafu za kupaka nta, kazi ambazo hakuwa na mashine zake, nami ninazo. Katika mikataba ya huduma iliyotengwa, aliyeshinda haruhusiwi kuwalipa wakandarasi wadogo zaidi ya asilimia 50 ya anacholipwa na serikali. Lakini mkandarasi mdogo akiwa naye ana cheti hicho hicho na ni biashara ndogo katika fani ya kazi anayopewa, kile anachokifanya mwenyewe hakihesabiwi katika kikomo hicho. Kwa hiyo aliweza kunipa mazulia yote na sakafu zote bila kuvunja sheria, tukaandikiana mkataba wetu, na ankara zangu nampelekea yeye mwishoni mwa kila mwezi.